Wapakiaji Wasioumwa Mgongo

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Mchungaji pamoja na wazee wa kanisa mliotupa ukumbi huu. Profesa uliyesafiri kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya mwanafunzi wako. Mzee Anyitike, mwenye ghala, uliyekaa meza kuu kwa haki kabisa kwa sababu wewe ndiye uliyetoa kibali cha utafiti. Mama Jenista Nzunda kutoka Isansa, mama mzazi wa Dokta. Ndugu Shadrack, mume wa Dokta. Walimu wa Mlowo mliofundisha naye. Mama Fides na mama lishe wote wa pale langoni. Na ninyi wapakiaji wenzangu mlioegemea ukuta kule nyuma: nawasalimu kwa heshima.

Wenzangu nimewataja mwisho kwa sababu ndivyo nilivyoelekezwa na mshereheshaji. Lakini kutoka hapa nilipo naona viti vitupu zaidi ya ishirini mbele yenu, vimepambwa kwa vitambaa vyeupe, na hakuna hata mmoja wenu aliyekaa. Wageni watadhani ni aibu ya watu wasiozoea kumbi. Nitalirudia jambo hilo la viti kabla sijamaliza.

Kwa wasionijua, naitwa Nsajigwa Kibona. Kwetu ni Ileje, milimani. Niliishia darasa la sita. Hapa Tunduma nimebeba mizigo miaka ishirini na sita, na kwetu nimekwenda mara nne, mara mbili kati ya hizo kuzika. Maneno haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo yakipinda, yamepindishwa na mimi. Nimeombwa nizungumze kwa niaba ya wapakiaji. Nilipoingia langoni leo, nyapara wetu Eliakim alinishika kiwiko akaninong'oneza, "Kibona, mpongeze dada, ukae. Mambo ya mgongo leo usiyalete." Nikamjibu, "Kaka, mgongo wenyewe nimekuja nao."

Eliakim, nakuona pale mlangoni. Usinikasirikie bado. Nimeanza tu.

Ndugu wageni waalikwa, leo tunampongeza Ruti Nzunda kwa kupata shahada ya uzamivu. Wengi hapa Tunduma wamesikia neno Dokta wakaelewa vibaya. Juzi Ambilikile, mwenzetu mmoja, alimfuata barabarani akavua shati na kumwomba sindano. Dokta akamwambia, "Kaka Ambilikile, mimi si daktari wa sindano, mimi niliandika tu kwamba unaumwa." Ambilikile akasema, "Sasa kuumwa mbona nakujua mwenyewe?" Mnacheka, lakini swali lake ni zuri, na mchana huu nataka nilijibu mbele ya watu waliosoma kuliko mimi. Kuna faida gani mtu kumaliza miaka tisa ya maisha yake akiandika kwamba Ambilikile anaumwa?

Ili nilijibu, lazima kwanza nikiri kosa. Hapa tuko kanisani, nitakiri.

Alipokuja mara ya kwanza, Dokta alikuwa bado Madam Ruti, mwalimu wa sekondari pale Mlowo aliyepewa likizo ya masomo. Alitaka kujua kazi ya kubeba mizigo mpakani inaufanya nini mwili wa binadamu. Akafuata taratibu zote. Akaenda kwa Mzee Anyitike, akapewa kibali chenye muhuri wa ghala. Akawekewa meza pale pale kwenye mlango wa ghala, na nyapara wa wakati ule akaketi kando yake ili, kama alivyosema, amsaidie kuwatambua watu. Kila fomu ilibanwa pamoja na nakala ya kile kibali. Tuliitwa mmoja mmoja. Mimi sikusoma maswali kwanza. Nilisoma muhuri.

Wageni ambao hamjui kazi yetu, naomba mnisikilize hapa. Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunapanga mstari mbele ya lango. Magari yanasubiri, madereva wa Zambia wanatuita kwa adabu, "Mukwai, mukwai," wapakuliwe wawahi foleni ya mpaka. Kabla ya kuchaguliwa, nyapara anaita, "Chini!" Wote tunachuchumaa, mikono kisogoni. Anaita, "Juu!" Tunainuka. Atakayegusa ardhi kwa mkono au kushika goti, anaambiwa kwa sauti ya upole, "Kapumzike, mzee." Mtu wa miaka thelathini na minne anaitwa mzee, anakwenda kupumzika asikokutaka. Tunaambiwa ni kwa usalama wetu, asije mtu akaanguka na gunia. Inawezekana. Lakini gunia lenyewe limeandikwa kilo mia, na hakuna mtu katika ukumbi huu anayeamini maandishi yale. Lumbesa, yaani gunia lililozidishwa kipimo, inashonewa kilemba juu, na kile kilemba nacho kinabebwa na mgongo.

Kwa hiyo swali la kumi na nne la Madam Ruti liliposema, "Je, katika miezi sita iliyopita umewahi kupata maumivu ya mgongo?" na nyapara ameketi hapo, na muhuri upo hapo, mlitaka tujibu nini?

Siku ile ile, wa kwanza kuhojiwa walipotusimulia maswali, kabla hata foleni haijasogea watu kumi, mimi Nsajigwa nilirudi nyuma kwenye mstari nikawaambia wenzangu, "Huyu katumwa na ghala. Anatafuta wa kupumzishwa. Swali la kumi na nne jibuni hapana." Nilikuwa mtu wa kumi na saba kuitwa. Nilijibu hapana kwa sauti kubwa, nikajipiga kifuani. Wote wakafuata. Watu mia mbili na kumi na wawili waliulizwa, na watu mia mbili na kumi na wawili walijibu kwamba hawajawahi kuumwa mgongo. Mmoja, marehemu sasa, alijibu hapana huku akiwa ameshika ukuta.

Madam Ruti akakusanya fomu zake kwa furaha, akatushukuru, akatugawia soda. Tulikunywa zile soda bila haya.

Ndugu zangu, mtu aliyesafiri na fomu zile hadi chuoni alikwenda kutangaza kwamba wapakiaji wa Tunduma ndio watu wenye afya njema kuliko wote nchini. Msimamizi wake wa wakati ule, ambaye si huyu Profesa tuliye naye, alizipitia akacheka mpaka akavua miwani. Akamwambia, "Ruti, umegundua watu wasioumwa. Tuwapeleke kwenye michezo ya dunia." Baadaye jopo likakaa, na jopo halikucheka. Likamwambia data yake haifai, achague: abadili mada au aanze upya. Yule msimamizi akamshauri abadili. Alisema makuli si watu wa kuaminika, na mada yao haimpeleki mtu mbali.

Niliposimuliwa maneno hayo baadaye, niliona haya kwa sehemu moja na hasira kwa sehemu mbili. Haya kwa sababu kweli tulidanganya. Hasira kwa sababu hakuuliza kwa nini.

Miaka mitatu ilikuwa imekwenda. Likizo yake ya masomo ikaisha. Akarudi Mlowo kufundisha, akiwa mjamzito wa huyu Gloria anayekimbia kimbia hapa mbele. Baba yake, Mzee Nzunda, aliyekuwa akiwaambia watu sokoni kwamba binti yake anasomea kitu kisicho na darasa juu yake, alifariki akiuliza, "Ruti bado kiasi gani?" Ndugu wa mume wakaanza. Mnisamehe, nyote mpo hapa. Mlisema, "Anasoma nini kisichokwisha?" Mlimwambia Shadrack kwamba mke wake ameolewa na karatasi. Mlimkuta Shadrack anasonga ugali na mtoto amelala begani, mkaenda kuitangaza habari hiyo tangu Mlowo mpaka Ndalambo kana kwamba amekamatwa na wizi. Shadrack, naomba usimame watu wakuone. Huyu ndiye mtu aliyesonga ugali miaka sita. Asimamaye kirahisi hivyo, hajabeba gunia, lakini amebeba. Kaa, ndugu yangu.

Mliomsema, je, leo mmekuja kula pilau yake? Mmekuja. Karibuni. Kuleni mshibe, ila mkitafuna mkumbuke.

Sasa nataka nimzungumzie Mama Jenista, na akiona nimekosea anikatize.

Siku moja Ruti alikwenda Isansa na sanduku la zile fomu, akaliweka jikoni kwa mama yake. Akamwambia, "Mama, washia moto. Zimenishinda." Akatoka kwenda kuketi kwenye shamba la kahawa. Mama Jenista ni mtu wa kusoma polepole, kidole juu ya kila neno. Hakuwasha. Alisoma moja, akasoma ya pili, akasoma mpaka maharage yakaungua. Kisha akatoka na rundo la fomu mkononi akamwuliza binti yake, "Hawa wote wanabeba magunia?"

"Wote, mama."

"Na hawaumwi?"

"Ndivyo walivyosema."

"Mimi nachuma kahawa tu, na jioni baba yako alikuwa ananiinua kama gunia. Bwana shamba alipokuja na wale wageni wake kuniuliza kama kazi inanichosha, nilimjibu nini?"

Ruti akasema, "Ulisema hapana."

"Nilisema hapana kwa sababu alikuja na bwana shamba. Wewe ulikwenda na nani?"

Mama Jenista anatikisa kichwa. Amekubali. Basi.

Profesa, nasikia mna vitabu vizito vinavyofundisha namna ya kuuliza maswali. Sina ugomvi navyo. Lakini andikeni mahali fulani kwamba swali zuri kuliko yote katika tasnifu hii lilitoka jikoni Isansa, kwa mama ambaye maharage yake yaliungua.

Akarudi Tunduma. Safari hii hakupita ghalani. Alikuja wakati wa likizo ya shule, mtoto mgongoni, akamwomba Mama Fides kazi ya kuosha sahani. Mama Fides alimkatalia, akasema, "Mwalimu, utaniharibia, watasema nimekuroga." Akaomba tena, akakubaliwa. Alikuwa anaosha sahani zetu, Gloria amelazwa juu ya magunia matupu. Na sisi, nitasema ukweli, tulimcheka. Tulisema elimu imemshinda. Tulisema kafukuzwa ualimu. Ambilikile, ndiyo, wewe, ulirudisha sahani ukasema, "Madam, hii yangu umeosha lakini bado ina swali la kumi na nne." Uwanja mzima ukacheka. Naye akacheka, akaiosha tena.

Likizo ya kwanza ikapita, hakuuliza mtu kitu. Likizo ya pili ikaanza. Ndipo siku moja akamwuliza Mama Fides jambo moja, wala si mgongo. Alimwuliza, "Mama Fides, kwa nini wanakula wamesimama?"

Mama Fides akamwonyesha benchi lake. Akasema, "Benchi ninalo. Nililichongesha mwaka nilioanza biashara, huu ni mwaka wa kumi na moja. Litazame. Halijachakaa."

Mheshimiwa Diwani, miaka kumi na moja watu zaidi ya mia walikula pale kila siku, na benchi lilikuwa jipya kama lilivyotoka kwa fundi. Wateja wengine walidhani tuna haraka. Wengine walidhani ndiyo mila ya makuli. Sisi tulikuwa tunajua. Ukishabeba asubuhi nzima, ukikaa, kuinuka kwako kutaonekana. Na dirisha la ofisi ya nyapara linatazama kwa Mama Fides. Hakuna aliyetuamuru tusikae. Mtu anajifunza mwenyewe, na anayekuja mpya anafundishwa siku ya kwanza: kula umesimama.

Kesho yake nilipokwenda kula, Madam Ruti aliniletea sahani akaiweka juu ya benchi, badala ya kunipa mkononi. Akasema, "Mzee Kibona, kaa ule."

Nikasema, "Nina haraka, Madam." Nikaichukua.

Siku ya pili akaiweka tena pale pale. "Mzee Kibona, kaa ule."

"Leo suruali yangu safi."

Suruali yenyewe ilikuwa na unga wa sembe mpaka kiunoni.

Siku ya tatu nyapara alikuwa amekwenda forodhani na makaratasi ya mizigo. Madam akaiweka sahani, akaendelea kuosha. Nilitazama dirisha. Nikakaa. Nikala wali wote, na nawaambieni, sijawahi kula wali mtamu namna ile, kwa sababu chakula kinashuka tofauti mtu akiwa amekaa. Kisha nikataka kuinuka, sikuweza. Nilijaribu mara moja, nikajifanya natafuta kitu chini. Nikajaribu tena. Jasho likanitoka. Yeye hakuniuliza chochote, wala hakunivuta mkono kama mtu anayevuta mgonjwa. Alimpa Mama Fides mtoto, akaja akapiga magoti kando yangu, bega lake likawa sawa na mkono wangu. Akasema, "Shika hapo, baba." Nikashika, nikainuka. Hakuwa na kalamu. Alikuwa na povu la sabuni mikononi.

Nikamwambia yote. Nikainua shati nikamwonyesha tyubu ya baiskeli tunayojifunga kiunoni, inayobana kiuno ili asubuhi tukichuchumaa tuinuke kama vijana. Wengine wake zao hawajui. Wake zenu mpo hapa. Nendeni nyumbani mkatazame. Halafu nikamwambia na lile jingine: kwamba ni mimi niliyewaambia watu mia mbili wajibu hapana.

Alifuta povu mikononi. Kisha akasema, "Mzee Kibona, ningekuwa wewe ningefanya vile vile." Akaongeza, "Lakini miaka mitatu!" Akanichapa begani na kitambaa cha vyombo kikiwa kimelowa. Nilistahili.

Basi niliowafundisha uongo, niliwapitia mmoja mmoja kuwaomba waseme kweli. Ilinichukua muda mrefu kuliko ule uongo. Walikubali sitini. Kila mmoja alihojiwa pale kwenye benchi, amekaa, na kila mmoja aliinuka mbele ya Madam kwa namna anavyoinuka kweli. Hapakuwa na muhuri. Majina tuliambiwa hayataandikwa, tukapewa namba. Mimi nikaomba nibaki na kumi na saba. Na katika wale sitini walioketi, mmoja leo habebi tena. Amepanda cheo, sasa ndiye anayechagua. Namba yake sitaitaja. Yeye anaijua, na tyubu yake bado anayo.

Nilisema usinikasirikie, kaka. Nakusema kwa sababu ulikuwa jasiri siku ile, na nataka uikumbuke.

Haikuishia hapo. Msimamizi mpya, ndiye Profesa huyu, alisoma kazi yake akamwambia ukweli: sura ya tatu, ile inayoeleza jinsi alivyodanganywa, ingemwaibisha mbele ya watahini. Alimshauri aiondoe. Ruti akakataa. Aliandika barua ya ukurasa mmoja kwamba bila uongo wetu ukweli wetu haueleweki. Walivutana miezi saba. Profesa, unacheka, lakini nasikia ulikuwa mkali. Nakushukuru kwa ukali wako, na nakushukuru zaidi kwa kukubali kushindwa na mwanafunzi wako.

Siku ya kutetea, alipigiwa maswali tangu asubuhi. Mtahini mmoja akamwambia, "Watu hawa walikudanganya mara ya kwanza. Unajuaje kwamba mara ya pili hawakukudanganya?"

Mwaka ule alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alikuwa na mtoto wa miaka sita, baba kaburini, na kurasa mia tatu na zaidi. Angeweza kujibu kwa maneno ya kitabuni. Akajibu, "Kwa sababu mara ya pili walikaa chini."

Alinipigia simu kunisimulia nikiwa juu ya gari la mahindi. Nilikaa juu ya magunia pale pale. Dereva akaita, "Mukwai, vipi, umechoka?" Nikamjibu kwa sauti ya kusikika, "Ndiyo. Nimechoka." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo kazini.

Sasa nirudi kwa swali la Ambilikile. Faida ni nini? Mimi si mtu wa kupamba. Tangu tasnifu ilipokamilika, hakuna gunia hata moja lililopungua uzito. Lumbesa bado zinashonwa. Mstari bado unapangwa, na jana tu, Ijumaa, watu watatu wameambiwa wakapumzike. Kama kuna mtu alitegemea Dokta Ruti arudi na dawa, hakurudi nayo. Lakini zamani, mtu akitaka kujua habari zetu, angekuta karatasi mia mbili na kumi na mbili zinazosema hatuumwi, na saini zetu chini yake. Karatasi zile zingeweza kutunyamazisha sisi na wanetu watakaobeba baada yetu. Leo kuna kitabu, kina jalada gumu, kipo chuoni, na ndani yake tunaumwa. Hakuna atakayesema tena kwamba hatukusema. Kwa mimi wa darasa la sita, hiyo inatosha kuwa faida, na atakayesema haitoshi, basi aongeze ya kwake.

Mzee Anyitike, nakuheshimu. Ulitoa kibali, na hukujua kitafika wapi. Leo sitakuomba chochote, maana ombi langu ungeweza kulikataa kwa upole kama Eliakim anavyotupumzisha. Nakupa taarifa tu. Jumatatu nitakuja kwenye mstari saa kumi na mbili na nusu kama kawaida. Nyapara akiita "Chini!" mimi sitachuchumaa. Nitasimama. Nikichaguliwa nitabeba, na ninabeba vizuri, magari yako yanajua. Nisipochaguliwa, nitakwenda kwa Mama Fides, nitakaa kwenye benchi, nitaagiza chai, nitakunywa nikitazama lile dirisha. Ninasema kwa ajili yangu peke yangu. Nina watoto wawili shuleni na najua ninachokichezea.

Najua pia kwamba katika kitabu mimi ni Mshiriki wa Kumi na Saba. Dokta, uliniahidi kunificha, na ulinificha vizuri, nakushukuru. Leo nakufungua kwenye ahadi hiyo. Mshiriki wa Kumi na Saba ni Nsajigwa Kibona wa Ileje. Ukichapa tena, niandike.

Sasa vile viti.

Wapakiaji wenzangu, mmesimama tangu saa nne. Mmesimama tukiimba, mmesimama wasifu wa Dokta ukisomwa, mmesimama mpaka watu wamegawiwa soda, na soda mmezinywa mmesimama. Huyu mwanamke aliosha sahani zetu misimu miwili ili sisi tukae. Je, siku ya sherehe yake tutamsimamia ukutani kama watu wasioumwa? Mshereheshaji ameniwekea kiti hapa nyuma yangu. Leo asubuhi sikufunga tyubu. Nimeiacha nyumbani imening'inia msumarini. Nakaa.

Nimekaa. Maikrofoni nimeishusha, mnanisikia?

Anayetaka, akae. Simlazimishi mtu. Naam, Ambilikile. Vuta kiti, usikiogope kitambaa. Yule nani, Mwashiuya? Kaeni. Hapo kando kuna vingine. Asiyekaa tusimtazame, ana sababu zake, nami nilikuwa nazo miaka mingi. Eliakim, wewe pia umesimama mlangoni tangu asubuhi. Kiti cha mwisho mstari wa nyuma hakina mtu.

Dokta Ruti Nzunda, hongera. Tulikupotezea miaka mitatu, ukaturudishia mgongo. Mama Jenista, Shadrack, Mama Fides, hongereni. Nanyi nyote mliovumilia maneno ya mtu aliyeishia darasa la sita, nawashukuru kwa kunitegea masikio mpaka mwisho.

Mchungaji, ratiba inasema sasa ni sala, na najua utatuomba tusimame. Tutasimama, wote, mbele ya meza kuu, kila mtu kwa namna anavyosimama. Wengine watashika magoti, wengine watashika ardhi. Tunakuomba tu usianze kabla hatujafika juu.